Sonda ya shofaji yako iko wapi?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo sitasema juu ya kofia wala viatu vya kazi. Nitasema juu ya kitu kidogo kama ncha ya kidole, kinachokaa ndani ya shofaji ya kamyo, ambacho wengi wenu hamjakiona hata siku moja. Mafundi wanakiita sonda. Kazi yake ni kupima joto. Mtauliza: mtu wa dispanseri anatafuta nini ndani ya garaji? Ngojeni nieleze.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Sisi wa Katanga tunakaa juu: Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita mita 1,400. Mchana jua linawaka, lakini saa kumi ya usiku vidole havishiki usukani. Shofere anayelala ndani ya kamyo yake katika mstari wa Kasumbalesa, siku mbili, siku tatu, akingoja karatasi za mpaka, anawasha shofaji. Simlaumu. Kamyo nyingi zilizonunuliwa Ulaya zikiwa zimekwisha kutumika zimekuja na shofaji ya mazutu chini ya kitanda cha shofere, yenye kuwaka hata wakati motere imezimwa. Ni kitu kizuri. Tena ni moto, na moto huo uko karibu sana na pua ya mtu aliyelala.

Tazameni namna inavyofanya kazi. Pampu ndogo inavuta mazutu kidogo kidogo, buji inayawasha. Moto unawaka ndani ya chuma cha aluminiamu kilichofungwa, chenye mapezi mengi nje kama ya radiateri. Chuma hicho ndicho eshanjeri. Moshi unatoka kwa bomba lake chini ya kamyo. Hewa ya kabini inasukumwa na feni upande wa nje, inapita juu ya mapezi, inachukua joto na kurudi kwa shofere. Hewa na moshi havikutani, sababu kati yao kuna ukuta wa eshanjeri. Ukuta huo ukipasuka, ao mipira yake ikiungua, shofere anapumua moshi.

Sonda inakaa juu ya mgongo wa eshanjeri. Joto likipita kiasi, inapasha habari kwa kisanduku cha umeme, kisanduku kinafunga pampu, moto unakufa, na feni inaendelea kupuliza mpaka chuma kipoe. Katika shofaji nyingi sonda hiyo hiyo, ao nyingine iliyo karibu nayo, inasema pia kama moto umewaka ao haukuwaka. Ni mlinzi wa lango. Lakini mlinzi huyu hawezi kuona mbali. Anajua tu joto la kitu anachogusa. Kama hagusi eshanjeri, anapima hewa, naye atasema kwamba mambo ni mazuri wakati chuma kinaungua.

Kwa hiyo namna ya kuifunga si jambo dogo. Sonda ina mahali pake palipotengenezwa na kiwanda, palipo sawasawa, na ina kibanio cha chuma kinachoikaza pale. Fundi asafishe masizi na kutu nyeupe mbele ya kuirudisha. Ilale yote, isisimame kwa upande mmoja. Waya yake isipite juu ya mapezi ya moto wala isibanwe na kifuniko. Kama kibanio kimelegea, kibadilishwe. Waya ya kufungia mifuko haiwezi kufanya kazi yake, kwa maana ikipata moto inalegea, na mtikisiko wa barabara unamaliza yaliyobaki. Juu ya kupaka dawa ya kupitisha joto, kuna shofaji zinazoitaka na nyingine hazitaki: kitabu cha kiwanda ndicho kinachosema, si desturi ya garaji. Na sonda yenyewe ipimwe kwa ommeta. Ile ya namna ya PT1000 inatoa omu 1,000 kwa digri 0, karibu 1,078 kwa digri 20, na karibu 1,385 kwa digri 100. Ziko za namna nyingine ambazo namba zake zinashuka joto linapopanda, basi fundi ajue kwanza ni ya namna gani iliyo mkononi mwake.

Mambo haya nilifundishwa na fundi mmoja mzee, nikiwa nimepiga magoti chini ya kitanda cha kamyo na taa mdomoni. Ninaandika yaliyonipeleka kule.

Mwaka mmoja, katika wiki za baridi, walikuja kwangu watu wawili, shofere na msaidizi wake. Kichwa kinauma, wanataka kutapika, miguu haina nguvu. Walikuwa wamekwisha kumeza dawa za malaria mara mbili, mahali pengine. Nilipima damu: hakuna malaria. Niliwawekea kile kipimo cha kidole kinachoonyesha oksijeni: 98 kwa mia. Mzuri kabisa! Nikawapa dawa ya kichwa wakaenda. Nyuma ya siku mbili walirudi, na msaidizi hakukumbuka kama alikuwa amekuja mara ya kwanza. Ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza tangu mwanzo: mnalala wapi? Na maumivu yanakuja saa ngapi? Wakasema, asubuhi tunapoamka. Mchana tukiwa nje yanapungua.

Malaria haiangalii kama umelala ndani ao nje. Tulikwenda kwa kamyo. Sonda ilikuwa inaning'inia kwa waya yake, mbali na eshanjeri, karibu na feni, mahali penye hewa baridi. Fundi fulani, sitasema wa garaji gani, alikuwa ameitoa mahali pake kwa makusudi. Kwa nini? Sababu shofaji ilikuwa inajizima usiku, na shofere alilalamika. Ilijizima kwa kuwa mfuko wa nguo ulikuwa umeziba tundu la hewa moto, joto likapanda, sonda ikafanya kazi yake sawasawa. Ilitosha kuondoa mfuko. Wao waliondoa mlinzi. Eshanjeri ilikuwa na ufa ambao ungeweza kuingiza ukucha.

Shofere alipona. Msaidizi wake alikaa wiki nyingi akisahau majina ya watu na kukosea hesabu ya fedha. Gesi hiyo inaweza kufanya vile: mtu anaonekana amepona, kisha kichwa kinaanza kusumbuka siku nyingi nyuma yake.

Gesi yenyewe inaitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inapatikana kila mahali kitu kinapowaka bila hewa ya kutosha. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivi kwamba damu inajaa nayo na mwili unakosa hewa mtu akiwa anapumua vizuri. Na kile kipimo cha kidole kilichonidanganya mimi hakijui kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye gesi hiyo. Ninawaambia wenzangu wa dispanseri waziwazi: msikiamini katika ugonjwa huu. Ulizeni mgonjwa alilala wapi, na kama wenzake waliolala naye wanaumwa vilevile.

Sasa, kuna wakubwa wa kazi waliosema: basi tutoe shofaji zote, mambo yaishe. Mimi sikubali. Mtu anayesikia baridi atatafuta moto. Ukimnyima shofaji, ataacha motere ikiunguruma usiku kucha, na moshi wake kupanda kwa nyufa za sakafu ya kabini. Ao ataingiza mbabula yenye makala mekundu katikati ya viti. Nimeona mbabula ndani ya kamyo, si hadithi. Shofaji iliyofungwa sawasawa ni bora kuliko mambo hayo mawili. Ninalotaka ni kwamba shofaji isiyo na sonda mahali pake ihesabiwe kama kamyo isiyo na breki: haitoki garaji. Na kama kipande hakipatikani, shofaji itolewe fizibu yake, iandikwe katika kitabu cha kamyo, na shofere apewe mablanketi mpaka kipande kifike. Kuweka kipande cha waya ao rezista badala ya sonda, ili kisanduku kidhani joto ni la kawaida siku zote, huo ni uongo ulioandikwa kwa umeme, na anayedanganywa ni mtu aliyelala.

Mashofere nao wana sehemu yao. Bwana shofere, usizime shofaji kwa kukata batri ao kwa kuzungusha ufunguo mkubwa wa umeme. Izime kwa kifungo chake na uache feni ipulize dakika zake mpaka inyamaze yenyewe. Ukiikata ghafula, joto lote linabaki ndani ya eshanjeri na linaiharibu pamoja na sonda. Usizibe matundu ya hewa kwa viatu na mifuko. Ikijizima, usiiwashe tena na tena: mazutu yanajaa ndani bila kuungua, na utakapoona moshi mweupe chini ya kamyo ujue umeongeza taabu. Mwambie fundi ilijizima saa ngapi, ikiwa imefanya nini. Neno "haifanyi kazi" halimsaidii. Na eshanjeri huzeeka hata bila ufa kuonekana. Kuna viwanda vinavyotaka ibadilishwe nyuma ya miaka 10, na kamyo zetu nyingi zimepita umri huo mbele ya kuvuka bahari.

Jambo moja lisisahauliwe: sonda inapima joto, hainusi gesi. Shofaji inaweza kuwa na sonda nzuri na bado ikavuja, kwa bomba la moshi lililolegea, kwa mfano. Kwa hiyo ninaomba pia kila kabini yenye shofaji ipate kengele ya gesi hiyo, ile ndogo ya batri. Bei yake ni ndogo kuliko ya gurudumu moja la kamyo, hata la kutumika.

Ninyi mama, msidhani maneno haya ni ya garaji tu. Mbabula mnayoingiza chumbani usiku ili watoto wapate joto inatoa gesi ile ile, na makala yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa sababu mtu anafikiri hakuna moshi basi hakuna hatari. Pikeni nje, acheni mbabula nje, funikeni watoto kwa blanketi. Mama mwenye mimba ajihadhari zaidi, kwa kuwa mtoto aliye tumboni anaumia mbele ya mama yake na kukawia kupona. Kama bwana yako ni shofere naye anarudi nyumbani akisema kichwa kinauma kila asubuhi ya safari, kisha nyumbani kinapona bila dawa, usimpeleke kununua dawa ya malaria kwanza. Mwulize juu ya shofaji.

Ukimkuta mtu amelala ndani ya kabini wala haamki, fungua milango yote miwili, zima shofaji na motere, umvute nje upesi. Usikae mle ndani kumwita jina. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu, mfunike, ita gari la wagonjwa. Kama hapumui, anza kumpulizia na kumbana kifua kama mlivyofundishwa katika masomo ya msaada wa kwanza, mpaka wenye oksijeni wafike. Usimpe maziwa, usimpe mafuta ya mawese. Najua wengi wanaamini vitu hivyo vinatoa sumu, lakini sumu hii haiko tumboni, iko katika damu. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi inatoka kwa masaa 4 mpaka 6. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa, inatoka kwa saa 1 ao 1 na nusu. Ndiyo sababu tunataka aletwe hata kama ameamka na kusema amepona. Aliyelala naye aletwe pia.

Nimekwisha kusemezana na mkubwa wa garaji yetu. Ijumaa hii, tangu saa mbili ya asubuhi, fundi na mimi tutakuwa karibu na shimo la kutazamia kamyo. Kila shofere mwenye shofaji aje na ufunguo, na kitanda chake kiwe wazi, bila mizigo juu. Kutazama sonda moja kunachukua kama nusu saa. Wale wa posti ya usiku wanaweza kuja mbele ya kwenda kulala; nitawaachia nafasi za kwanza.