Ramani na Majaribio Viende Pamoja

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika ufundi wa kuunda programu kubwa za tarakilishi, naona methali hizi zimegeuzwa kambi mbili. Kambi ya kwanza yashikilia utaratibu wa jadi: mahitaji yote yaandikwe, ramani ikamilike, ndipo kazi ianze. Ya pili yafuata mbinu ya ajaili, ambayo wataalamu 17 waliitolea ilani nchini Marekani mwaka 2001: unda kipande, mwonyeshe mtumiaji, rekebisha, endelea.

Mimi sioni haja ya kuchagua moja na kutupa nyingine. Tutazame bandari ya Kilindini, upande wa pili wa kisiwa chetu ukitoka Mji wa Kale. Mfumo wa forodha wa Simba ulianza mwaka 2005, KWATOS ya Mamlaka ya Bandari ikafuata mwaka 2008. Hesabu ya ushuru, usalama wa kumbukumbu na namna mfumo mmoja unavyopashana habari na mwingine si mambo ya kubahatishwa kila juma. Hayo yataka ramani kamili, kwa kuwa yamefungwa na sheria. Lakini fomu anayoijaza wakala wa forodha, hakuna mkuu awezaye kuikisia akiwa ofisini. Ijaribiwe na mawakala wachache, ikosolewe, irekebishwe. Mfumo ukikwama, mzigo hulala bandarini, gharama hupanda, na mlipaji wa mwisho ni mnunuzi pale Marikiti.

Ushahidi tunao mifukoni mwetu. M-Pesa ilianza kujaribiwa mwaka 2005 kwa nia ya kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo. Wateja wenyewe wakadhihirisha haja nyingine, ya kutumiana fedha, na hiyo ndiyo huduma iliyozinduliwa Machi 2007. Hata hivyo, amana za wateja ziliwekwa benkini chini ya udhamini. Hapo hapakuwa na kubahatisha.

Walimu wenzangu, tuwafunze vijana wetu kuuliza maswali mawili. Ni sehemu gani ikikosewa itagharimu mno kuitengeneza? Hiyo ipangwe kwanza. Ni ipi isiyojulikana mpaka mtu aitumie? Hiyo ijaribiwe mapema.

Mafundi wa Mji wa Kale walilijua hilo. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, na kuta za mawe zikasimama imara. Orofa iliongezwa baadaye, jamaa walipozidi.