Mwalimu wa Pwani na Uchaguzi wa Mfumo Endeshi wa Kompyuta ya Nyumbani

Mwanachuo anapohitimu na kupangiwa shule Kivinje, Somanga au Njinjo, aghalabu hutumia akiba yake ya kwanza kununua kompyuta mpakato iliyokwisha tumika. Huinunua Kariakoo, huizungushia kanga ndani ya sanduku, na kusafiri nayo kwa basi mpaka Nangurukuru. Tumezoea kuwauliza wanaoondoka: Je, mmechagua mfumo endeshi gani? Wengi hutushangaa. Hawakuchagua. Waliukuta umo ndani ya mashine, na muuzaji akawahakikishia kwamba kila kitu kimo.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo si la mafundi peke yao, bali ni la mwalimu. Rai yetu ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi anayekwenda kufanya kazi katika pwani ya Kilwa na Lindi yampasa achague mfumo endeshi huria ulio imara, ajifunze huo mmoja barabara, na adumu nao.

Maana ya huria

Mfumo endeshi ni programu kuu ya kompyuta. Ndio unaosimamia kumbukumbu, diski, skrini na printa, na ndio unaozipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Windows, ambao wengi wetu tuliuzoea tangu tulipoigusa kompyuta mara ya kwanza, ni mali ya kampuni ya Microsoft, na msimbo wake haukuwekwa wazi kwa watu wote. Mfumo huria ni ule ambao kila mtu ana ruhusa ya kuusoma msimbo wake, kuurekebisha, kuunakili na kumpa jirani nakala.

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU kwa kusudi hilo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, alitoa kiini kiitwacho Linux. Juu ya kazi hizo imejengwa mifumo kamili mingi. Tutaitaja miwili: Debian, iliyoanza mwaka 1993, na Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kampuni iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ubuntu huo umejengwa juu ya Debian, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu.

Anayelijua jahazi atalielewa jambo hili upesi. Fundi wa Kilwa Kisiwani akiletewa jahazi linalovuja, halirudishi kwa aliyeliunda. Hungoja maji yapwe, hutazama mkuku na mataruma, hutafuta mahali panapopitisha maji, kisha hutia kalafati. Huweza kufanya hivyo kwa sababu hakuna ubao aliofichwa. Ni kweli kwamba mwalimu hatausoma msimbo wa Debian, kama vile abiria hatii kalafati. Lakini abiria hunufaika kwa kuwa mafundi ni wengi, na hakuna mmoja wao anayeweza kukataza chombo kisitengenezwe.

Maana ya imara

Neno imara lina maana maalumu hapa. Katika Debian, programu mpya huingizwa kwanza katika toleo lisilo imara. Ikikaa humo bila kuonekana kasoro kubwa, huhamishiwa toleo la majaribio. Wakati ukifika, toleo la majaribio hufungwa lisipokee mambo mapya, makosa huondolewa kwa miezi kadhaa, ndipo hutangazwa kuwa imara. Tangu siku hiyo haliongezwi mapambo. Hupokea marekebisho ya usalama na ya makosa makubwa tu. Matoleo ya namna hii hutoka takriban kila miaka miwili, na kila moja hutunzwa kwa miaka mitano hivi. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imepangwa kutunzwa hadi Juni 2030.

Ubuntu hutoa matoleo ya namna mbili. Yale ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na hutunzwa kwa miaka mitano. Mathalani, toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024. Yale ya katikati hutoka kila baada ya miezi sita, na hutunzwa kwa miezi tisa tu.

Tofauti hiyo tuliijua kwa kuumia. Mwaka mmoja tulisakinisha nyumbani toleo la katikati, kwa sababu tu lilikuwa jipya na sura yake ilipendeza. Miezi tisa ikapita tukiwa katika kusimamia mazoezi ya kufundisha. Tuliporudi tulikuta masasisho yamekoma, tukaamua kuhamia toleo lililofuata usiku uleule, kwa mtandao dhaifu na betri iliyochoka. Umeme ulikatika katikati ya kazi. Asubuhi mashine haikuwaka, na alama za wanachuo zilikuwa ndani yake. Tuliziandika upya kutoka katika madaftari kwa muda wa siku mbili. Kosa halikuwa la mfumo. Lilikuwa letu, tuliosahau kwamba usiache mbachao kwa msala upitao.

Hali ya pwani yetu

Wako watakaosema kwamba shauri hili lafaa popote, wala si pwani tu. Ni kweli, lakini hapa lina uzito zaidi. Mwanzoni mwa Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Somanga. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za mawasiliano zilizo chini ya bahari zilipata hitilafu na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Mwalimu aliyekuwa Kilwa wakati huo aliona jinsi njia ya gari na njia ya mtandao zinavyoweza kufungwa katika mwezi mmoja.

Kwa mwalimu huyo, mfumo unaoweza kubebwa mzima katika flashi moja ni msaada mkubwa. Flashi hiyo huingia mfuko wa shati na kuvuka bahari mpaka Songo Songo. Yaweza kutumika katika nyumba kumi za walimu bila kuhitaji namba ya siri wala malipo, na bila kuvunja sheria.

Jambo hili la sheria halisemwi vya kutosha vyuoni. Nakala nyingi za Windows zinazowekwa na mafundi wa mitaani hazikulipiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda kazi za waandishi. Tunawafundisha watoto kwamba kunakili jibu la mwenzako ni wizi. Je, tutawafundishia somo hilo kwa mashine yenye mfumo ulioibwa? Isitoshe, programu za kuvunjia ulinzi mara nyingi huja na virusi, na mwenye kuumia ni yule mwenye andalio la somo na orodha ya watoto ndani ya diski.

Tena, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika utaratibu wa nyongeza. Windows 11 nao hudai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Mashine hizo hazijafa. Lakini mashine isiyopokea marekebisho ya usalama ni nyumba yenye ufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashine hiyohiyo ikiwekewa Debian au Ubuntu wa muda mrefu yaweza kumtumikia mwalimu kwa miaka mingine.

Hoja za wanaopinga

Baadhi ya wakufunzi wenzetu husema: Ofisi zetu hutumia Windows, basi mwanachuo afundishwe kile atakachokikuta. Tunaiheshimu hoja hii, lakini tunaona kwamba inachanganya chombo na kazi. Mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani la Tanzania na mfumo wa ESS wa watumishi wa umma hufunguliwa kwa kivinjari, na kivinjari cha Firefox kimo katika Debian. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vilivyomo katika maktaba yake ya mtandaoni husomwa kwa njia hiyohiyo. Azimio la kazi na andalio la somo huandikwa kwa LibreOffice, nayo hufungua na kuhifadhi nyaraka za Word.

Hata hivyo hatutaki kumpamba msomaji kwa maneno matamu. Majedwali mengine huhama mahali pake nyaraka zinapovuka kutoka programu moja kwenda nyingine. Kwa hiyo waraka wa kusomwa tu utumwe kwa umbo la PDF. Printa nyingine husumbua. Fundi anayeijua Linux si rahisi kumpata Masoko kama alivyo fundi wa Windows. Na iwapo mwalimu analazimika kutumia programu fulani ifanyayo kazi katika Windows peke yake, basi na abaki nayo, ila ailipie. Uchaguzi wa busara hutokana na kazi, hautokani na ushabiki. Kwa sababu hiyo hatumsifu pia mpenzi wa Linux abadilishaye mfumo kila mwezi. Huyo hujifunza kusakinisha, hajifunzi kufanya kazi.

Njia ya kuchagua

Tunapendekeza mwanachuo alifanye jambo hili kama anavyoandaa somo, kwa hatua.

Kwanza, aandike kazi zake zote za mwezi mmoja, na kila kazi aonyeshe programu inayohitajika.

Pili, aichunguze mashine. Kumbukumbu ya GB 4 yatosha kwa kazi za mwalimu ikiwa atachagua sura nyepesi kama Xfce. Mashine za kizamani za biti 32 zijulikane mapema, kwa kuwa Debian 13 haina kisakinishi chake.

Tatu, auwashe mfumo kutoka katika flashi kabla ya kuusakinisha, ajaribu sauti, mtandao na printa. Jaribio hilo halifuti chochote katika diski.

Nne, anakili kazi zake mahali pawili nje ya mashine, maana usakinishaji waweza kuifuta diski nzima.

Tano, achague toleo la utunzaji mrefu, aandike tarehe ya mwisho wake katika kipande cha karatasi na kukibandika kwenye kompyuta. Kuhamia toleo jingine kufanywe wakati wa likizo, kamwe si wakati wa mitihani.

Mwanachuo aliyezipitia hatua hizi amefanya zaidi ya kupata mfumo. Amezoea kulinganisha, kujaribu na kutoa sababu, nayo ndiyo mazoea atakayowapa watoto katika somo lolote.

Hitimisho

Nchi yetu ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya kuona gharama zake na jinsi zilivyotufanya tuwategemee wataalamu wa nje. Marufuku hayo yalikwisha zamani, lakini swali lililoyazaa lingali hai: Je, chombo hiki twaweza kukitunza wenyewe? Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walianza kulijibu. Waliitafsiri programu huria ya ofisi, wakaitoa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, na ruhusa ya kuutafsiri ilikuwamo ndani ya leseni yake.

Hatudai kwamba mwalimu mmoja wa Kivinje ataibadili nchi kwa kompyuta yake ya mtumba. Twasema tu kwamba anayo haki ya kujua kilichomo ndani yake, na ana wajibu wa kuchagua. Tunawaomba walimu walioko shuleni, hasa wale waliojaribu wakashindwa, watuandikie habari za majaribio yao. Wanachuo watafaidika na kushindwa huko kuliko na sifa zetu.