SOKO BILA MLINZI: NANI ANAKUWA HURU?



Kuna hoja inazunguka sana siku hizi: eti serikali itoke sokoni kabisa, kila mtu auze na akopeshe anavyotaka, ushindani wenyewe utaleta haki. Wengine wanaivisha kanzu: "Hata Mtume (s.a.w.) alikataa kupanga bei."

Sawa. Tuipime kwa jambo tuliloliona kwa macho hapa Kenya: mikopo ya simu.

Mpaka sheria ilipobadilishwa Desemba 2021, wakopeshaji wa simu wasio benki hawakuwa chini ya Benki Kuu. Ushindani ulikuwepo, tena mkali. Haki je? Mtu anabonyeza "nakubali" usiku, mtoto mgonjwa, masharti hayasomeki. Programu inasomba namba zote kwenye simu yake. Akichelewa kulipa, anapigiwa bosi, mama, mpaka mkwe. Wengine waliripotiwa CRB kwa deni lisilofika shilingi 1,000, mpaka Benki Kuu ilipokataza Aprili 2020.

Mbona ushindani haukuwaondoa wabaya? Kwa sababu mwenye dhiki hachagui mkopeshaji kwa adabu yake. Anamchagua anayetoa pesa sasa hivi, adabu ataijua akishachelewa. Basi anayetisha zaidi ndiye anayelipwa kwanza, na mwenye huruma anabaki nyuma. Mdaiwa naye anakopa huku alipe kule. Soko linalosimama juu ya deni la kulipia deni litatulia vipi?

"Si alikubali mwenyewe?" Alikubali, ndio. Lakini mmoja ana njaa, mwingine ana pesa na siri zote za mwenzake mkononi. Hao hawakukaa meza moja.

Na hiyo hadithi ya bei ni kweli, ila msiikate nusu. Mtume huyo huyo alikataza riba. Alikataza kuhodhi chakula ili bei ipande. Alikataza kuwavizia wenye bidhaa njiani kabla hawajajua bei ya sokoni. Akaingiza mkono kwenye rundo la nafaka, akakuta ndani kumelowa, akamkemea muuzaji hapo hapo. Huo si ukaguzi? Bei aliiacha, dhuluma hakuiacha.

Kanuni za 2022 zimekataza vitisho na kuwaaibisha wadaiwa. Walioomba leseni walikuwa 288. Kundi la kwanza kuipata, Septemba 2022, lilikuwa 10 tu. Lakini tusidanganyane: leseni haihalalishi riba.

Kwa hivyo vijana: ukitishwa, hifadhi ujumbe, kisha peleka malalamiko kwa Benki Kuu na kwa Kamishna wa Data. Kamati za misikiti nazo zianzishe mifuko ya qardhul hasan, mtu asikimbilie riba kwa sababu ya dawa ya mtoto. Na anayesema sheria zote ziondolewe, muulizeni: wewe ni mdai au mdaiwa?