"Imeharibika" Si Jibu

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili ambayo nimepata kuyachunguza katika kazi yangu ya ualimu wa isimu, sijaona linalofunga mlango wa fikra upesi kama neno "imeharibika". Mtu akishalitamka, huona kwamba amekwisha kueleza, kumbe hajaeleza lolote. Yaliyotukia nyumbani kwetu yalinithibitishia jambo hili.

Likizo iliyopita nilikwenda Bomet kumjulia hali dada yangu, mkulima mdogo wa chai. Sehemu ya bonasi yake ya majani chai alikuwa ameitumia kumnunulia mwanawe, mwanafunzi wa chuo kikuu, vipuri vya tarakilishi. Kijana aliviunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande, na mashine ikawaka. Furaha haikudumu. Baada ya dakika chache feni ilivuma kama kinu cha posho, kisha mashine ikazimika ghafla. Fundi mmoja aliyepigiwa simu alitoa hukumu bila kuiona: feni imeharibika, na huenda prosesa nayo imeungua, nunueni nyingine. Nilimkuta dada yangu akihesabu mbuzi wa kuuza.

"Mjomba, feni imeharibika," mpwa wangu akaniambia.

"Neno hilo nimelipiga marufuku," nikamjibu. "Nieleze feni inafanya nini."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba inazunguka, tena kwa kasi. Nikamwuliza kama kuna waya unaogusa mapanga yake. Hakuna. Je, imechomekwa mahali pa feni ya prosesa kwenye bodi kuu, au imechomekwa penginepo? Ipo mahali pake. Na joto la prosesa ni kiasi gani? Alifungua ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla mfumo haujaanza, tukaona nyuzi zikipanda upesi kuelekea 100. Hapo ndipo prosesa nyingi hujipunguzia mwendo, kisha huizima mashine ili zisiungue. Basi kule kuzimika kulikuwa kinga.

Nikamwuliza swali la mwisho: "Hewa inayotoka kwenye mapezi ya chuma ni ya moto au ya baridi?"

Akasogeza kiganja chake karibu, pasipo kugusa kitu. "Ni baridi, Mjomba!" Uso wake ukabadilika. Prosesa inatokota, na hewa inayopita juu yake ni baridi. Basi joto halifiki kwenye chuma. Akakumbuka ziara waliyoifanya kiwandani alipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Pale, feni kubwa hupuliza hewa chini ya majani ili yanyauke. Majani yakirundikwa vibaya, hewa haiyapitii sawasawa, hata feni ikivuma namna gani.

Alizima mashine, akachomoa waya wa umeme, akaling'oa pande lile la chuma. Kumbe utando mwembamba wa plastiki, ambao kiwanda huuweka kulinda sehemu ya chini, haukubanduliwa! Aliubandua, akasafisha, akatia pesti mpya ya kupitishia joto kiasi cha punje ya njegere, akakaza skrubu kwa zamu ili chuma kilale sawa. Mashine ikawashwa. Feni ikazunguka polepole, kwa sauti ya chini. Mbuzi wakanusurika.

Msomaji asije akadhani kwamba feni haina makosa kamwe. Nataka kusema tu kwamba kila kitenzi kina chanzo chake. Feni isiyozunguka kabisa huenda haikuchomekwa, au waya umeizuia. Na zile za kadi ya picha na za kifaa cha umeme mara nyingine hutulia makusudi wakati joto ni dogo. Feni inayozunguka kwa kasi moja daima huenda ina pini 3, nayo bodi imepangwa kuiongoza kama yenye pini 4. Yatosha kubadili mpangilio. Feni inayokwaruza huenda inagusa waya. Na feni inayozunguka vyema lakini sanduku likabaki na joto huenda imefungwa kinyume: nyingi hutoa hewa upande wenye vishikizo vya mota, kwa hiyo zote zikielekezwa ndani, hewa ya moto haina njia. Baridi ya Kericho haisaidii kitu ikiwa haiingii sandukuni.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya mitambo kwa kuwa hakina majina ya vipuri. La hasha! Majina hukopwa, nasi tumekopa "feni" na "prosesa" bila lugha kupata dhara. Ugunduzi wa hitilafu hutegemea zaidi vitenzi, navyo tunavyo tele: kuzunguka, kukwama, kusuasua, kuvuma, kukwaruza, kugusa, kulegea. Mwanafunzi anayeweza kuchagua kitenzi sahihi amekwisha kuifanya nusu ya kazi ya fundi. Aliyekariri orodha ya majina ya Kiingereza ili afaulu mtihani, kisha akasema "imeharibika", bado hajaanza.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu, wa somo la tarakilishi na wa Kiswahili pia: mwanafunzi akija na neno hilo, msimpe jibu wala kipuri kipya. Mrudishieni swali: inafanya nini? Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuza mbuzi kwa sababu ya kipande cha plastiki.