Wakimbizi wa 1972: siasa au shamba?

Maofisa waliotumwa kwenye makazi yetu Tanzania kutuhimiza turudi Burundi waliuliza kwanza nani yuko chama gani. Shaka yao haikuwa bure: Palipehutu ilizaliwa Mishamo mwaka 1980. Lakini sisi tuliosoma huko tulisikia wazee wakiuliza jambo jingine: nani anavuna michikichi yetu Rumonge? Walijibiwa kwa hotuba za amani. Tume ya ardhi, CNTB, iliundwa mwaka 2006 tu. Mwaka uliofuata Tanzania ikafungua mlango wa uraia, na watu wapatao 162,000 wakaupata. Wapo wanaowaita wapinzani. Shamba likilimwa na mwingine tangu 1972, hata mfuasi mtiifu wa chama tawala angesita kufunga virago.