Pesa Hazikuiosha Sugar Land

Hoja ya ndugu yetu mmoja ni hii: Sugar Land, mji wa wenye nazo pembezoni mwa Houston, Texas, ambako Wahindu, Waislamu na Wakristo wanakaa pua na mdomo, unathibitisha kwamba pesa huua ubaguzi.

Pesa hazikuwachanganya watu, ziliwachuja. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 iliwafungulia mlango wenye ujuzi, bei za nyumba zikamaliza kazi. Daktari Mhindi kupakana na mhandisi Mnigeria ni muujiza gani? Anayewafagilia nyumba analala wapi?

Tena anasema eti mji huu haukuwahi kuijua chuki. Hapo ndugu yetu kajichongea. Mwaka 2018, katika ujenzi wa shule, yalifukuliwa mabaki ya watu 95: wafungwa weusi waliokodishwa kulima miwa, miaka mingi baada ya utumwa kupigwa marufuku. Wengine walikuwa bado vijana wadogo. Hiyo ndiyo sukari iliyoupa mji jina, na pesa wakati huo zilikuwepo tele.

Na leo je? Agosti 2024 ilizinduliwa mjini humo, kwenye hekalu la Kihindu, sanamu ya mungu Hanuman, futi 90, na Wakristo fulani wakaja hadi hekaluni kuikemea. Labda walikuwa bado hawajatajirika vya kutosha.