Gari la Kukaa Nalo Miaka Mingi

Mtu wa kipato cha kadiri aliyekusudia kununua gari dogo la juu, liwezalo kuvuka matuta na madimbwi ya mitaani na kumfikisha kijijini kwao wakati wa masika, aghalabu hutumia miezi mizima akilinganisha bei, rangi na umbo, asitumie hata siku moja kuuliza giaboksi ya gari hilo ikiharibika itatengenezwa na nani, na kwa kiasi gani. Huko ni kununua jahazi kwa uzuri wa tanga bila kuutazama mkuku. Bei ya gari hulipwa mara moja ikaisha, ilhali matunzo hulipwa mwaka nenda mwaka rudi, na magari mengi yaliyosimama juu ya matofali nyuma ya nyumba hayakufika huko kwa uzee, bali kwa sababu kipuri kimoja kilipita uwezo wa mwenyewe. Rai yangu ni kwamba gari la kukaa nalo miaka kumi au zaidi lapasa kuchaguliwa kwanza kwa gharama ya matengenezo yake, na mengine yote yafuate.

Sehemu kubwa ya magari haya hutujia yakiwa yametumika Japani. Huko gari jipya la abiria hukaguliwa kisheria baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kwa kuwa ukaguzi huo pamoja na matengenezo yanayoandamana nao una gharama kubwa, wengi huona nafuu kuliuza gari lingali zima kuliko kuendelea kuligharimia. Kwa hiyo umri peke yake si aibu ya gari, ingawa serikali zetu zinautazama kwa jicho kali: Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka 8, Uganda imekataza lililopita miaka 15, na Tanzania hulitoza ushuru wa uchakavu lililopita miaka 8. Ukubwa wa injini nao una hesabu yake, maana Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini iliyozidi cc 1,000 isiyopita 2,000, na asilimia 10 kwa iliyopita hapo. Kwa mtu wa hali yetu, injini ya lita 2 ndiyo mpaka wa busara.

Lakini ushuru ni jambo jepesi mbele ya giaboksi, na hapa nawasihi wanunuzi wasiwe na haraka. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana giaboksi ya CVT, isiyo na gia za kuhesabika, bali mkanda wa chuma uzungukao baina ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa kwa kadiri ya mwendo. Huenda kwa ulaini mno, na husaidia kubana petroli. Illa hutaka mafuta yake mahususi, na fundi akitia mafuta ya kawaida ya giaboksi za otomatiki, kwa kutojua au kwa kubahatisha, ameanza kuiua. Na ikishakufa, mafundi wawezao kuifungua na kuirudishia uzima ni wachache, kwa hivyo mwenye gari huishia kutafuta nyingine iliyotumika, ambayo historia yake haijui mtu yeyote. Nissan X-Trail ya kwanza, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na otomatiki ya gia 4. Iliyofuata mwaka 2007 ikaja na CVT. Toyota RAV4 nayo, ilipobadilishwa mwaka 2005, ilipewa CVT katika soko la Japani, pamoja na injini ya lita 2.4. Simwambii mtu kwamba CVT ni haramu. Namwambia kwamba asiyekaa karibu na fundi aijuaye, na asiye na akiba, asiikaribie.

Injini nazo zina siri zao. Subaru Forester hupendwa kwa uthabiti wake barabarani, na mapenzi hayo ni ya haki, lakini Forester za zamani zina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa ufikapo kilomita 100,000 hivi, nao ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na injini nzima huingia hasarani. RAV4 ya miaka ya 2000 hadi 2005 yenye injini ya lita 2 kutoka Japani hutumia mfumo wa D-4, unaorusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Mfumo huo hauvumilii petroli chafu, na masizi huganda kwenye valvu za kuingizia hewa. Ndugu yake wa lita 1.8, ambaye huvutwa na magurudumu ya mbele tu, ni mpole zaidi, maadamu mnunuzi amehakikisha kwamba hachomi oili.

Nikitakiwa kutaja moja, nitaitaja Suzuki Escudo ya lita 2, iliyoanza mwaka 2005. Injini yake ina cheni badala ya mkanda, petroli yake hurushwa kwa njia ya kawaida, giaboksi yake ni ya gia 4 za otomatiki, na ina gia ya nguvu ya kulitoa gari katika tope. Kasoro yake ni dhahiri: hunywa petroli kuliko wenzake. Hata hivyo petroli hununuliwa kidogo kidogo na mtu aweza kuipangia, bali giaboksi huja kwa ghafla, na kwa fedha ya mara moja.

Pamoja na hayo, jina la gari haliwezi kuishinda hali yake. Kadhia ya kutu ni nzito kwetu sisi wa pwani, kwani gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, huweza kuwa limekwisha kuliwa chini kabla halijaonja upepo wa chumvi wa Tanga au Unguja. Tena iko ada mbaya katika gereji nyingi ya kung'oa thamostati gari likichemka na kutia maji ya bomba katika rejeta. Injini hubaki baridi ikila petroli bure, rejeta huoza kwa ndani, na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha, nenda kwanza kwa fundi wa mtaani kwako umwulize ni gari gani alijualo vyema, kisha nenda kwa wauza vipuri wa Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, uulize bei ya giaboksi, ya shokapu na ya rejeta za gari hilo. Lipandishwe juu ukalitazame chini kwa macho yako. Na katika fedha uliyoiweka, tenga fungu la kubadilisha oili, mafuta ya giaboksi, maji ya rejeta na breki katika mwezi wa kwanza. Fungu hilo likikosekana, nunua gari la bei ndogo zaidi.